Jedwali la Moto wa Nyota

Mwezi Agosti 1920 Arthur Eddington alipanda jukwaani mjini Cardiff, kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha wanasayansi wa Uingereza, akazungumzia kilichomo ndani ya nyota. Tangu enzi za Lord Kelvin ilikuwa imezoeleka kufundisha kwamba Jua hupata joto kwa kusinyaa: linajikandamiza kwa uzito wake lenyewe, na mkandamizo huo hutoa joto. Hesabu ya Kelvin ilipangika vizuri, ila ililipa Jua umri wa makumi machache ya mamilioni ya miaka, na wanajiolojia waliokuwa wakisoma matabaka ya miamba walihitaji muda mrefu kuliko huo kwa mbali sana. Eddington alikuwa na njia nyingine. Pale Cambridge, Francis Aston alikuwa ametoka kupima uzito wa atomu kwa usahihi usiowahi kufikiwa, na vipimo vyake vilionyesha kwamba atomu nne za hidrojeni zina uzito unaozidi ule wa atomu moja ya heli. Kwa vipimo vya leo ziada hiyo ni sehemu 7 hivi katika kila 1,000. Nyota ikigeuza hidrojeni kuwa heli, sehemu hizo 7 hazipotei. Kwa kanuni ya Einstein zinageuka nishati, na nishati hiyo inatosha kuliwasha Jua kwa mabilioni ya miaka.

Kuni zilikuwa zimepatikana. Lililobaki ni kujua zinaungua kwa kasi gani. Kila sekunde, katika kila sentimita moja ya ujazo ya kitovu cha nyota, viini vingapi vinagongana na kuungana? Na tukishataja namba, tunaiamini kwa kiasi gani? Swali la kwanza lilipata majibu mapema, mengine ya kubahatisha. La pili lilichukua karibu miaka 90 kuulizwa sawasawa, na kwa maoni yangu hapo ndipo utamu wa historia hii ulipo.

Wanafizikia wa wakati ule walimpinga Eddington kwa hoja nzito. Protoni, ambazo ndizo viini vya hidrojeni, zote zina chaji chanya, kwa hiyo hufukuzana. Ili protoni mbili zigusane zinahitaji nishati ya laki kadhaa za elektronivolti, ilhali katika joto la kitovu cha Jua, ambalo sasa tunajua ni nyuzi milioni 15 na kitu, protoni ya kawaida ina nishati ya elektronivolti elfu moja na ushei tu. Kwa fizikia ya zamani ukuta huo haurukiki. Eddington hakuwa na jibu la hesabu. Alishikilia tu kwamba heli ipo, na hakuna mahali pengine pa kuipika isipokuwa ndani ya nyota.

Ufa katika ukuta ulionekana mwaka 1928, pale George Gamow, kijana wa Odessa mwenye miaka 24, alipoonyesha mjini Göttingen kwamba katika fizikia ya kwanta chembe isiyo na nguvu za kuruka ukuta inaweza kuupenya, mara chache sana, kwa uwezekano unaokokotoleka. Alikuwa akieleza namna viini vizito vya mionzi vinavyotema chembe za alfa. Mwaka uliofuata Robert Atkinson na Fritz Houtermans waliigeuza hoja hiyo nje ndani: kama chembe inaweza kuvuja kutoka kwenye kiini, inaweza pia kuvuja kuingia. Walikaa wakakokotoa kasi ya viini kuungana katika joto la nyota, na hilo ndilo kadirio la kwanza la aina yake.

Kadirio hilo lilikuwa na umbo ambalo halijabadilika hadi leo. Katika gesi ya moto protoni za mwendo wa kawaida ni nyingi mno, lakini uwezekano wao wa kupenya ni kama haupo. Zenye kasi kubwa hupenya kirahisi zaidi, lakini ni adimu. Ukizidisha wingi kwa uwezekano unapata kilima chembamba cha nishati ambamo karibu kazi yote hufanyika. Wenyewe hukiita dirisha la Gamow. Kwa protoni mbili ndani ya Jua dirisha hilo liko karibu na elektronivolti 6,000. Kwa viini viwili vya heli nyepesi, ile yenye chembe tatu badala ya nne, liko kwenye 22,000 hivi. Kila mmenyuko una dirisha lake, na madirisha yote hayo yana tabia moja ya kukera: yako chini sana, mahali ambapo maabara haioni kitu.

Hii ndiyo shida iliyotengeneza taaluma nzima. Ukielekeza mkondo wa protoni kwenye shabaha kwa nishati ya dirisha la Gamow, mmenyuko unaousubiri unaweza kutokea mara moja kwa siku, au mara moja kwa mwezi, na wakati huohuo miale ya kutoka anga za mbali inapiga kigunduzi chako mara maelfu. Kwa hiyo watu walipima nishati za juu, ambako mimenyuko ni mingi, kisha wakaurefusha mstari wa grafu kushuka hadi mahali wasipoweza kupima. Walitumia ujanja mmoja mzuri: sehemu ya kupenya ukuta, ambayo nadharia inaijua, waliigawanya nje ya hesabu, wakabaki na namba inayobadilika polepole, ambayo mstari wake hausumbui kuurefusha. Mbinu hiyo ni salama mradi tu hakuna resonansi iliyojificha huko chini, yaani kiwango cha nishati kinacholingana hasa na mpangilio wa ndani wa kiini, ambapo kasi hupaa ghafla mara maelfu au mamilioni.

Hans Bethe alijaribu bahati yake kabla data hazijatosha. Machi 1938 alihudhuria mkutano mdogo mjini Washington ambao Gamow alikuwa mmoja wa waandaaji wake. Kabla ya hapo alikuwa ameshaanza na Charles Critchfield kukokotoa mnyororo unaoanza kwa protoni mbili kuungana. Baada ya mkutano alitafuta njia ya pili, ambapo kaboni hupokea protoni moja baada ya nyingine, inapitia nitrojeni na oksijeni, kisha hutema heli na kurudi kuwa kaboni. Carl Friedrich von Weizsäcker aliufikia mzunguko huohuo kivyake huko Ujerumani. Makala ya Bethe ilichapishwa mwaka 1939, na mwaka 1967 ikampatia Tuzo ya Nobel. Ndani yake alihitimisha kwamba Jua letu linaendeshwa na mzunguko wa kaboni, na hapo aliteleza. Halijoto aliyoichukulia ilikuwa juu kuliko halisi, na kasi ya mzunguko huo hupanda kwa karibu kipeo cha 18 cha halijoto: kosea halijoto kwa asilimia 5, nawe umekosea nishati kwa zaidi ya mara mbili. Leo tunajua mzunguko wa kaboni hutoa kama asilimia 1 tu ya nishati ya Jua. Nyota nzito kuliko Jua ndizo zinazoutegemea.

Makala hiyo ilipofika Pasadena, California, iliwakuta watu waliokuwa wakipima mimenyuko hiyohiyo bila kujua kwamba ni ya nyota. Maabara ya Kellogg katika chuo cha Caltech ilijengwa kwa fedha za tajiri wa nafaka za kifungua kinywa, ili kutibu saratani kwa eksirei za volti nyingi. Charles Lauritsen alipopata habari mwaka 1932 kwamba Cockcroft na Walton wamevunja kiini cha lithi huko Cambridge, aliigeuza mashine yake kuwa ya kurushia chembe. Mwanafunzi wake William Fowler, aliyekulia Lima, Ohio, na kupenda treni za mvuke maisha yake yote, alikuwa akipiga kaboni kwa protoni. Vita vikaingia, maabara ikatengeneza roketi. Vita vilipokwisha wenzao wengi walikimbilia mashine kubwa na nishati kubwa, lakini kundi la Kellogg likaamua kubaki chini, kwenye nishati ndogo, kwa sababu nyota ziko huko. Uamuzi huo ulionekana wa kishamba wakati huo.

Mwanzoni mwa 1953 Mwingereza Fred Hoyle aliingia ofisini kwa Fowler na dai la ajabu. Mwaka mmoja kabla, Edwin Salpeter alikuwa ameonyesha namna viini vitatu vya heli vinavyoweza kuwa kaboni: viwili huungana kwa muda mfupi mno, na cha tatu hukidaka kiini hicho cha mpito kabla hakijavunjika. Hoyle alikokotoa akaona kwamba kwa kasi hiyo kaboni ingekuwa haba mno, kwani ingegeuka oksijeni karibu yote. Lakini kaboni ipo tele ulimwenguni, na sisi wenyewe tumeumbwa nayo. Basi, alisema, lazima kiini cha kaboni kina resonansi karibu na elektronivolti milioni 7.68. Hakuna aliyewahi kukitabiria kiini kiwango cha nishati kwa sababu za nyota, na Fowler hakuficha shaka yake. Hata hivyo Ward Whaling na wenzake walikubali kutafuta, wakakikuta kiwango hicho karibu palepale Hoyle alipotaja. Leo kinaandikwa milioni 7.65. Tangu siku hiyo Fowler akawa mtu wa nyota kabisa. Mwaka 1957, pamoja na Hoyle na mume na mke Geoffrey na Margaret Burbidge, walichapisha makala ya kurasa mia moja na kitu iliyoeleza jinsi elementi karibu zote zinavyotengenezwa ndani ya nyota. Alastair Cameron aliyafikia mengi ya hayo peke yake huko Chalk River, Kanada, ingawa hutajwa mara chache.

Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa jedwali. Wanaastronomia waliokuwa wameanza kuunda nyota ndani ya kompyuta hawakutaka makala 300 za vipimo. Walitaka fomula moja kwa kila mmenyuko, unaweka halijoto, unapata kasi. Mwaka 1967 Fowler, Georgeanne Caughlan wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana na Barbara Zimmerman, aliyeshika kompyuta, walitoa mkusanyo wa kwanza. Wa pili ulitoka 1975, mwingine 1983, na wa mwisho wa Caughlan na Fowler mwaka 1988. Kwa zaidi ya miaka 30 karibu kila nyota iliyokokotolewa duniani iliendeshwa na namba zao. Fowler alipata Nobel mwaka 1983. Majina ya wanawake wawili waliokusanya na kukokotoa namba hizo hujulikana leo na wachache waliobobea.

Ndani ya jedwali hilo kulikuwa na kitu ambacho msomaji wa kawaida asingekiona. Baadhi ya fomula zilikuwa na kijisehemu kinachozidishwa na kitu kilichoandikwa tu „0 hadi 1“. Maana yake: hapa huenda pana resonansi, maabara haijaiona, weka sifuri kama huiamini, weka moja kama unaiamini kikamilifu. Watumiaji wengi, kwa desturi iliyoenea pasipo mtu kuitetea, waliweka 0.1. Namba hiyo haikupimwa na yeyote wala haikukokotolewa. Ilikuwa maafikiano ya kimyakimya, na matokeo ya nyota nyingi kwenye makala za miaka hiyo yamesimama juu yake. Nauheshimu ukweli wa Caughlan na Fowler, walioiacha nafasi hiyo wazi badala ya kuificha. Walioijaza kwa mazoea ndio wa kulaumiwa.

Wakati huohuo, chini ya ardhi ya South Dakota, kasi za mimenyuko zilikuwa zinafikishwa mahakamani. Mwaka 1958 ilikuwa imegundulika kwamba heli nyepesi huungana na heli ya kawaida kutengeneza berili kwa kasi iliyozidi matarajio kwa kiasi cha mara elfu. Fowler na Cameron waliona mara moja maana yake: baadhi ya berili hiyo itageuka boroni ndani ya Jua, na boroni itatoa nyutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji, zenye nishati ya kutosha kunaswa duniani. Raymond Davis, mkemia, alilipeleka tangi la tani 615 za majimaji yanayotumiwa na madobi wanaosafisha nguo bila maji hadi kwenye mgodi wa dhahabu wa Homestake, karibu mita 1,500 chini. Nyutrino ikigonga klorini kwenye majimaji hayo huigeuza agoni. Davis alitarajia atomu chache mno kwa siku ndani ya tangi zima, na ilimbidi azikamate moja moja kwa kupitisha gesi ya heli kwenye tangi.

Mwenzake wa kalamu na karatasi alikuwa John Bahcall. Mwaka 1968 Bahcall alitangaza utabiri wake: vizio 7.5, pungufu au zaidi 3. Davis alipima, akasema havizidi 3. Kizio kimoja hapa ni mgongano mmoja kwa sekunde katika atomu zenye idadi ya 1 ikifuatiwa na sifuri 36, kwa hiyo wenye kutilia shaka walikuwa na haki ya kuuliza kama mtu anaweza kweli kuhesabu kitu cha namna hiyo. Davis aliingiza kwa makusudi atomu za agoni za idadi inayojulikana, akazitoa, akaonyesha kwamba hazimpotei. Alirudia vipimo kwa robo karne na zaidi, na wastani wake ulitulia kwenye 2.56.

Basi mwenye kosa nani? Kundi la kwanza lililaumu kigunduzi, la pili likalaumu nadharia ya Jua, la tatu likalaumu nyutrino zenyewe. Fowler mwaka 1972 alitoa wazo la kuinusuru hesabu: huenda viini viwili vya heli nyepesi vina resonansi ya chini ambayo hakuna aliyeipima, na ikiwepo itavila viini hivyo kabla havijatengeneza berili, na nyutrino za boroni zitapungua. Wazo halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Mtu yuleyule aliyewahi kumshangaa Hoyle sasa alikuwa anacheza mchezo wa Hoyle.

Bahcall alichagua njia isiyo na mvuto wa aina hiyo, nami naihesabu kuwa ndiyo hatua kubwa zaidi katika kisa hiki. Badala ya kutetea namba yake, alikaa kuhesabu shaka iliyomo ndani yake. Kila kasi ya mmenyuko ina kosa lake la kipimo, vivyo hivyo umri wa Jua, mng'ao wake, wingi wa elementi nzito. Makosa hayo hayajumlishwi kirahisi, kwa sababu nyutrino za boroni hupanda kwa karibu kipeo cha 25 cha halijoto ya kitovu, na ukigusa namba moja nyingine zote hujipanga upya. Mwaka 1988 yeye na Roger Ulrich walichapisha matokeo ya Majua 1,000 ya kompyuta. Kwa kila Jua waliokota thamani za vipimo kwa bahati nasibu, kila moja ndani ya mipaka ya kosa lake, wakaliacha lijikokotoe. Mbinu hiyo huitwa Monte Carlo, kwa jina la mji wa kamari, na ilianzia Los Alamos: Stanislaw Ulam, akipona ugonjwa mwaka 1946 na kuua muda kwa karata, alijiuliza uwezekano wa kushinda ni upi, akaona ni rahisi kucheza mara nyingi na kuhesabu kuliko kukokotoa.

Katika Majua yale 1,000 hakuna lililoshuka hadi kwenye namba ya Davis. Kutoka hapo ilikuwa vigumu kusema kwamba hitilafu ni ya vipimo vya kawaida vya nyuklia. Kama ni ya nyuklia, basi kuna kitu kisichojulikana kabisa, kama ile resonansi ya Fowler. Nayo resonansi hiyo ilifuatwa hadi pangoni kwake. Chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, penye mwamba wa mita 1,400 juu, miale ya anga hupungua mara milioni, na huko kundi liitwalo LUNA lilifunga mashine ndogo ya volti 50,000 tu. Mwaka 1999 walitangaza kwamba wamepima heli nyepesi kwa heli nyepesi hadi elektronivolti 16,500, ndani kabisa ya dirisha la Gamow la Jua, kwa mara ya kwanza bila kurefusha mstari wowote. Kwenye nishati hiyo ya chini kabisa walikuwa wakipata matukio mawili kwa mwezi. Resonansi haikuwepo.

Hukumu ilitoka Kanada. Kwenye mgodi wa Sudbury, kilomita mbili chini ya ardhi, tani 1,000 za maji mazito ziliweza kuhesabu nyutrino za aina zote tatu, wakati tangi la Davis lilisikia aina moja tu. Mwaka 2002 jumla ilitoka: milioni 5.09 za nyutrino za boroni zinapita kwenye kila sentimita ya mraba kwa kila sekunde. Utabiri wa Bahcall ulikuwa milioni 5.05, ukiwa na kosa linalokubalika la kama asilimia 20 juu na 16 chini. Nyutrino zilikuwa zikibadilika aina njiani kutoka kwenye Jua. Davis alipewa Nobel mwaka huo akiwa na miaka 88. Bahcall hakupewa, na alifariki 2005. Ukaribu wa 5.09 na 5.05 una bahati ndani yake, kwa kuwa mipaka ya kosa ilikuwa mipana kuliko tofauti hiyo. Lakini bila mipaka ile kukokotolewa kwa uaminifu, upungufu wa Davis ungebaki ugomvi wa maabara mbili na usingekuwa ushahidi juu ya maumbile ya nyutrino.

Jua likawa limetengamaa. Nyota nyingine hazikuwa na bahati hiyo. Mkusanyo mkubwa wa Ulaya uliotoka 1999, wa mimenyuko 86, ulikuwa na hatua mbele ya Fowler: kwa kila kasi ulitoa thamani tatu, ya chini, iliyopendekezwa na ya juu. Ukiuliza ile ya juu maana yake nini, ni uwezekano wa asilimia ngapi kasi halisi kuwa ndani ya mipaka hiyo, hukuwa na jibu. Ilikuwa mipaka ya busara ya wataalamu, tofauti kwa kila mmenyuko. Hukuweza kuokota bahati nasibu ndani yake kama Bahcall alivyofanya, maana hakuna aliyesema karata zimechanganywa vipi.

Christian Iliadis wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, alikuwa anaijua kero hiyo. Mwaka 2002 yeye na wenzake walikuwa wameendesha mahesabu 7,350 ya nyota zinazolipuka juu ya uso wake, wakibadilisha kasi za mimenyuko 175 moja baada ya nyingine, kuona ipi inagusa nini. Mwaka 2010, pamoja na Richard Longland, Arthur Champagne na wengine, walitoa kasi za mimenyuko 62 zilizokokotolewa upya toka mwanzo kwa Monte Carlo. Kila kipimo cha maabara, nishati ya resonansi, nguvu yake, upana wake, kilipewa mgawanyo wa uwezekano. Kompyuta iliokota thamani maelfu ya mara, kila mara ikakokotoa kasi. Matokeo yakapangwa kwa ukubwa. Iliyo katikati ndiyo iliyopendekezwa, na zile zinazokata asilimia 16 chini na 16 juu ndizo mipaka. Sasa neno „mipaka“ lilikuwa na maana: kasi halisi imo humo kwa uwezekano wa asilimia 68.

Walivumbua pia kwamba umbo la shaka yenyewe si lile lililozoeleka. Kasi ni zao la namba nyingi zinazozidishwa, na haiwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo shaka yake haielezwi vizuri kwa kujumlisha na kutoa. Huelezwa kwa kuzidisha na kugawanya. Husemi kasi ni 10 pungufu au zaidi 8. Unasema ni 10, ikizidishwa au kugawanywa kwa 2. Na ile 0.1 ya mazoea ikapata mrithi halali. Charles Porter na Robert Thomas walikuwa wameonyesha mwaka 1956 kwamba katika kiini chenye viwango vingi, resonansi dhaifu ni nyingi kuliko zenye nguvu, kwa mgawanyo unaojulikana. Pale maabara inapoweza kusema tu „haizidi hapa“, kundi la Chapel Hill liliokota kutoka kwenye mgawanyo huo badala ya kukisia. Katika mimenyuko kadhaa kasi ilishuka sana, kwa sababu wahenga wa jedwali walikuwa wakiichukulia mipaka ya juu kana kwamba ni vipimo.

Mwaka 2016 Iliadis na wenzake walikwenda mbali zaidi, wakatumia kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza ambaye maandishi yake yalichapishwa 1763 akiwa ameshafariki. Tatizo lilikuwa hili: maabara tano zinapopima mmenyuko mmoja, kila moja ina kosa lake la pamoja linalozisukuma namba zake zote juu au chini kwa mpigo, labda kwa sababu unene wa shabaha ulikadiriwa vibaya. Ukichukua wastani tu, kosa hilo linajificha. Katika hesabu ya Bayes kila maabara hupewa kizidisho chake kisichojulikana, na data zote kwa pamoja zinaachwa ziamue nani amepima juu mno na nani chini mno. Heli nyepesi kwa heli ya kawaida, mmenyuko uleule wa mwaka 1958, ulikuwa kati ya ya kwanza kupitishwa humo.

Shaka iliyopimwa vizuri hubadilisha mambo makubwa. LUNA walipopima nitrojeni na protoni mwaka 2004, mmenyuko wa polepole kuliko yote katika mzunguko wa Bethe, walikuta kasi ni karibu nusu ya iliyoaminiwa. Nyota za zamani kabisa katika galaksi yetu zikaongezewa umri kwa miaka kati ya milioni 700 na bilioni moja, kwa kipimo kimoja kilichofanyika pangoni. Na kuna kichekesho: mmenyuko wa protoni mbili, unaowasha Jua lote, haujawahi kupimwa maabara hata mara moja, kwa kuwa protoni moja ndani ya Jua husubiri wastani wa miaka bilioni 9 au 10 kabla haijaungana na mwenzake. Unakokotolewa kwa nadharia tupu, na ndio tunaoujua vizuri kuliko yote, kwa kosa la asilimia 1.

Unaojulikana vibaya, kati ya ile mikubwa, ni kaboni kupokea heli na kuwa oksijeni. Huo ndio unaoamua nyota iliyomaliza heli itabaki na kaboni kiasi gani na oksijeni kiasi gani, na kwa hiyo italipuka au itaanguka kuwa shimo jeusi. Fowler aliulilia kwenye hotuba yake ya Nobel. Dirisha lake liko kwenye elektronivolti laki tatu, na vipimo vya maabara bado vinakwama karibu na milioni moja. Mwaka 1993 Thomas Weaver na Stanford Woosley walilipindua swali: wakajaribu kasi mbalimbali, wakatazama ipi inatoa uwiano wa elementi tunaouona kwenye Jua, wakapata mara 1.7 ya namba ya jedwali la 1988, pungufu au zaidi 0.5. Ulikuwa werevu, lakini ni kumuuliza mshtakiwa aandike hukumu, kwani nadharia ya nyota ndiyo iliyotakiwa kujaribiwa.

Sasa Gran Sasso wana mashine mpya ya volti milioni 3.5, na China ina maabara ya Jinping chini ya mwamba wa mita 2,400. Zote mbili zinaufuata mmenyuko huo. Mwanafunzi wa fizikia anayetafuta pa kuweka miaka yake ya utafiti asiende mahali palipo na namba nzuri. Aende kwenye huu, maana hadi hapo utakapopimwa, hatma ya kila nyota nzito inayochorwa na kompyuta ina mipaka mipana kuliko picha zake zinavyoonyesha.